Presha ya mzee na risasi ya chubwi

Ndugu yangu wa Wete, babaako wa miaka 68 kayeyusha betri kuukuu miaka mingi akitengeneza chubwi, yaani vizito vya kuzamishia nyavu. Keshaacha, lakini presha haishuki. Risasi, ile metali ya ndani ya betri, hukaa mifupani miongo kadhaa, na mifupa ikizeeka huirudisha kwenye damu, ikaumiza mishipa na figo. Mtajieni daktari kazi hiyo, maana wengi hawaulizi. Ombeni kipimo cha risasi kwa damu ya mshipa, na cha figo. Risasi ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe: sufuria ya kuyeyushia isipikiwe kamwe, vumbi la bandani lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Hata ikiwa chini ya hapo, miaka aliyoyeyusha betri bado inahesabika. Vidonge vya presha asiache. Dawa za mitaani za “kusafisha damu” msinunue. Kifua kikibana au mdomo ukienda upande, hospitali saa hiyo hiyo.