Eti TV ndiyo iliyomaliza vita ya Vietnam?

SWALI: Mhariri, kuna jamaa tunabishana naye kila siku. Yeye anasema TV ndiyo iliyowafanya Wamarekani waichoke vita ya Vietnam, na ndiyo hiyo hiyo iliyowapa watu weusi wa kusini haki ya kupiga kura. Mi naona anatia chumvi. Nani yuko sahihi? – Mbishi

JIBU: Mbishi, jamaa yako kapatia nusu.

Kwenye haki za kiraia mpe maksi zake. Machi 7, 1965 pale Selma, Alabama, waandamanaji kama 600 walivuka daraja la Edmund Pettus kudai haki ya kura, polisi wa jimbo wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, na usiku huo huo kituo cha TV cha ABC wakakatisha filamu iliyokuwa hewani (tena ya kesi za Wanazi, hebu fikiria) wakarusha kama dakika 15 za kile kipigo, watazamaji karibu milioni 48 wamekodoa macho sebuleni kwao. Siku nane tu baadaye Rais Johnson yuko mbele ya Bunge anadai sheria, na Agosti 6 akaisaini. Ila kamera hazikufika pale kwa bahati bwana, viongozi wa harakati walishaona kwenye maandamano ya Birmingham (mji mwingine wa Alabama) 1963 jinsi picha za mbwa wa polisi na mabomba ya zimamoto zilivyowachefua watu hata wa mbali.

Vietnam sasa, hapo ndo anateleza. Watu wanadhani kila jioni ilikuwa damu tupu, kumbe miaka ya mwanzo taarifa nyingi zilikuwa ni maneno ya maafisa wa jeshi na helikopta zinatua. Zilikuwepo za kushtua, kama ile ya mwandishi Morley Safer wa TV ya CBS Agosti 1965, wanajeshi wanachoma nyumba za makuti kwa kiberiti cha gesi kijijini Cam Ne, lakini hazikuwa za kila siku.

Halafu angalia tarehe. Kura ya maoni ya Gallup Oktoba 1967: asilimia 47 wanasema kupeleka jeshi ilikuwa kosa, 44 wanakataa. Mashambulizi ya Tet, yale makubwa ya wakomunisti wa Vietnam, yalikuja Januari 1968, na Walter Cronkite, mtangazaji wa habari wa CBS, kusema hewani kwamba vita imekwama ni Februari 27. Watu walishaanza kugeuka, sababu majeneza yalikuwa yanarudi na vijana wanaitwa jeshini kwa lazima, hilo halihitaji antena.

Cha kuchekesha, wanajeshi wengi wa Marekani wao waliamini kama jamaa yako. Ndo maana kwenye Vita ya Ghuba dhidi ya Iraq 1991 waandishi waliwekwa kwenye vikundi vya kusindikizwa na ripoti zao zikakaguliwa kwanza.