Usimuulize mlaghai kama ni mlaghai

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mtu akipokea barua pepe anayoishuku kuwa ni ya ulaghai, afanye nini? Mimi nashika hesabu katika nyumba ndogo ya wageni ya Mji Mkongwe, na jibu langu linatokana na asubuhi moja ya Julai, vyumba vyote vimejaa, ilipoingia barua iliyodai kuwa mgeni ametushitaki na kwamba akaunti yetu ya kupokelea wageni itafungwa tusipoithibitisha ndani ya saa 24.

Nembo ilifanana na ya kampuni tuliyoizoea, Kiingereza chake kilikuwa safi, na jina la mtumaji lilikuwa lile lile. Jina hilo, hata hivyo, mtu yeyote huweza kujiandikia apendavyo. Nilipoweka mshale wa kompyuta juu ya kiungo bila ya kubonyeza, ilijitokeza anwani iliyoanza kwa jina la kampuni, kisha nukta, kisha maneno mengine kabisa. Mwenye tovuti hutambulikana kwa maneno yaliyo mwishoni, kabla ya mkwaju (alama ya /) mmoja wa kwanza. Yanayotangulia huyapachika atakavyo. Alama ya kufuli nayo isimtulize mtu, kwani huonesha tu kuwa mawasiliano hayasomeki njiani, si kwamba aliyeko upande wa pili ni mwaminifu.

Kijana wetu wa mapokezi alitaka kumjibu mtumaji amuulize kama barua ni yake kweli. "Mwanangu," nilimwambia, "mwizi ukimuuliza, atakujibu nini?" Tulifungua tovuti ya kampuni kwa kuandika wenyewe anwani tuliyokuwa nayo tangu zamani, na hatukukuta lalamiko lolote. Ingekuwa ni benki, ningepiga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyomo ndani ya barua. Baada ya hapo barua tuliipeleka kama kiambatisho kwa fundi anayetutazamia kompyuta, kwa sababu ikipelekwa kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za njia iliyopitia, kisha tukaifuta. (Kwa ujumbe mfupi wa simu, hapa Tanzania namba ya tapeli hutumwa 15040, namba ya kuripotia matapeli.)

Linalonishughulisha zaidi ni yule aliyekwisha kubonyeza na kuandika neno lake la siri, kwa sababu miaka michache nyuma mtu huyo nilikuwa mimi. Abadilishe neno la siri kwa kutumia kifaa chengine, pamoja na akaunti zote zinazotumia neno hilo hilo, aondoe vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti yake, aweke uthibitisho wa hatua mbili (yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia), na kama alitoa namba za kadi aipigie benki saa hiyo hiyo. Juu ya yote, awaambie wenzake. Mimi, kwa kuona haya, nilibadilisha neno la siri kimya kimya na kujiona nimepona. Siku ya nne nilipomweleza fundi, alifungua mipangilio ya kisanduku changu cha barua pepe akanionesha amri nisiyoiweka, iliyokuwa ikipeleka nakala ya kila barua yangu kwa anwani nisiyoijua. Siku zote hizo wageni walikuwa wakiniandikia kuhusu malipo yao, na mtu mwengine akisoma.