Roboti ya minyororo: ijaribu kwenye mkeka kwanza

Kwenye vigae vya sebuleni roboti yetu ilikuwa ikienda kama tuktuk isiyo na abiria. Mbele, nyuma, kulia, kushoto. Mpwa wangu ameshika simu ya kuiendeshea, mimi nimekunja mikono kama mkandarasi aliyemaliza daraja. Kisha ikapanda mkeka wa mama. Mbele ilikwenda vizuri tu. Ilipoambiwa igeuke kulia, ikagutuka mara moja, ikazima.

"Mjomba, imekufa?"

Haikufa. Baada ya sekunde mbili iliamka, ikagutuka, ikazima tena. Nikaanza kulaumu programu, na kwa wiki mbili usiku nilikuwa nahariri mistari ambayo haikuwa na kosa lolote. Kama nawe umenunua boksi la vipande vya kuunganisha, lile lenye mota mbili, minyororo ya plastiki na mfuko wa skrubu, nisikilize kabla hujafungua kompyuta.

Gari la magurudumu likikata kona, magurudumu ya mbele huelekezwa kule linakokwenda. Minyororo haina usukani. Ili igeuke, upande mmoja unasonga, wa pili unasimama au unarudi nyuma, na mnyororo mzima unaburutwa kiubavu juu ya sakafu. Kwenye kigae unateleza, hujui chochote. Kwenye mkeka, zulia au mchanga unang'ang'ania, mota inakaribia kuzuiwa kabisa, na mota iliyozuiwa hunywa umeme mara kadhaa kuliko inayozunguka bure. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza na roboti yake siku tatu mezani, akaapa kwamba ni nzima.

Dalili nilikuwa nayo machoni muda wote. Kile kidude cha Bluetooth, HC-05, kina taa ndogo: kikiwa kimeshikana na simu, taa hupepesa mara mbili kisha hutulia kidogo, kikipoteza simu, hupepesa mbiombio. Kila roboti ilipogeuka mkekani, taa ilianza mbiombio. Yaani umeme ulikuwa unakatika hadi kwenye ubongo wenyewe, ile bodi ndogo ya Arduino inayobeba programu, inajiwasha upya, na simu inaachwa ikiongea peke yake.

Nikaibeba hadi kwa fundi wa redio kule Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Hakuuliza neno kuhusu programu. Aliweka ncha za mita kwenye betri, akaniambia, "Hebu uzuie mnyororo kwa mkono." Volti zikaporomoka kutoka 6 hadi 4 na ushei. "Umeona?" akasema, akarudi kwenye redio yake.

Boksi langu lilikuja na kishikio cha betri nne za rimoti, na juu yake picha ya kifaru cha vita kikipanda majabali. Betri nne ni volti 6. Bodi ya kuendeshea mota, L298N, ile nyekundu yenye bati jeusi la kupoza, inakula takriban volti 2 kabla mota haijapata kitu. Na Arduino Uno ukiilisha kwa tundu lake la duara inataka volti 7 na kuendelea. Hesabu hiyo haikai, picha ya kifaru au bila picha. Wala usidanganyike na betri ya mraba ya volti 9, ya maikrofoni; volti inazo, nguvu ya kusukuma mota haina.

Nilichofanya: betri mbili za lithiamu, aina ya 18650, zilizofungwa kwa kufuatana, ambazo zikijaa zinatoa volti 8.4. Mota zinachukua moja kwa moja kupitia bodi yake, Arduino inapata volti 5 kupitia kipunguza volti kidogo. Waya zote hasi zikutane. Mimi niliisahau moja nikapoteza jioni nzima. Betri hizi ziheshimu. Zitie bodi ya ulinzi, tumia chaja ya volti 8.4 iliyotengenezwa kwa betri mbili, na usizichaji ukiwa umelala. Za kuchomoa kwenye laptopu iliyokufa zinavutia kwa bei, lakini mimi sizitaki ndani ya nyumba ya watu.

Umeme ukishatosha, mnyororo ndio utakaokusumbua. Ukiulegeza unachomoka kwenye kona, ukiukaza mota inachoka bure. Mimi nauacha ulegee kiasi cha kuubonyeza kidogo kwa kidole upande wa juu. Kwenye programu, usiitoe mota kwenye kasi yote ya mbele ukaitupa kasi yote ya nyuma. Ipandishe kwa hatua. Na kona za polepole, upande mmoja ukipunguzwa tu, zinaumiza kidogo kuliko kuzunguka papo hapo.

Jambo jingine la programu nililijua kwa aibu. Jioni moja tuliitoa uchochoroni, hapa kwetu Kibokoni, mpwa wangu akaipa amri ya mbele. Simu ikaita: mamake. Programu ya kuendeshea ikajificha nyuma ya simu ile, na roboti, iliyokuwa imeambiwa mbele, ikaenda mbele. Ikapita miguuni mwa wazee waliokaa barazani na vikombe vya kahawa, ikagonga buli la muuza kahawa. "Nyie vijana, hiki kidudu chenu hakina breki?" Hakikuwa nazo. Sasa simu inarudia amri mara kadhaa kila sekunde, na ikipita nusu sekunde bila neno, mota zinasimama zenyewe. Iandike hiyo siku ya kwanza.

Kuhusu pwani: kila mtu hapa Mombasa atataka kuipeleka ufuo wa Pirates. Ipeleke, lakini kwenye mchanga mkavu wa juu, mbali na maji. Mchanga utaingia kwenye meno ya gurudumu linalovuta mnyororo, kwa hiyo ukirudi piga mswaki mkavu kila pingili. Hewa ya chumvi hailali: skrubu zangu zilianza kutu hata kabla sijazikaza mara ya pili. Napaka tone la mafuta ya cherehani kila skrubu, nafuta yaliyobaki.

Juzi pini ya pingili moja ilikatika, na pini za akiba hazikuwamo boksini. Nimetia kipande cha spoki ya baiskeli, nikakunja ncha zote mbili. Mpaka leo kimeshika, hata mkekani.