Daktari anatazama jino, wewe tazama mtu

Siku yangu ya kwanza kama msaidizi wa daktari wa meno kwenye kliniki hapa Nakuru nilisimama kushoto kwa kiti, nimelishika bomba la kunyonya mate kama mtu aliyeshika nyoka. Daktari alikuwa anaziba gego, na macho yangu yote yalikuwa kwenye gego hilo hilo. Mama aliyelala kitini alikuwa amevikunja vidole vya miguu hadi kiatu kimoja kikamvuka. Nilishtuka kilipoanguka. Daktari akazima drili, akasema, "Jino naliona mimi. Wewe niangalizie mtu."

Kupokezana vyombo utajifunza haraka, mdogo wangu unayetaka kazi hii ya usaidizi. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kulia kwa mgonjwa, nawe kushoto, ukiwa umeinuka kidogo kumpita ili uone vizuri ndani ya kinywa. Chombo kimfikie mkononi bila yeye kuhamisha macho. Baada ya miezi michache utajua kinachofuata kabla hajakiomba. Kumsoma mgonjwa ndiko kunakochelewa. Angalia mikono inayokaba kiti na jasho juu ya mdomo. Akipauka baada ya sindano, sema papo hapo: kazi isimame, kiti kilazwe na miguu ipande, kwa sababu wengi wanaozimia pale wanaangushwa na woga. Na sindano yenyewe ipitishe chini ya kidevu, asiione. Kwa mtoto, hilo peke yake linaweza kukuokolea nusu saa ya kilio.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo anayetoka mbali huenda asilijue. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, madini yanayotoka ardhini, kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia. Aliyehamia Nakuru akiwa mtu mzima hayampati. Kwa hiyo kijana akikaa kitini huku amefunika mdomo kwa kiganja, usimwambie apige mswaki vizuri zaidi. Ameambiwa hivyo maisha yake yote, na mswaki hauna kosa.

Ukiajiriwa upande wa Kisumu, utakutana na wazee wasio na meno sita ya mbele ya chini. Zamani Waluo waliyang'oa kama alama ya kuingia utu uzima. Mzee akitabasamu, nawe ukakimbilia kuandika kwamba yameoza, atajua hukumuuliza. (Kuhusu kuandika: namba ya jino ni tarakimu mbili, ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino ndani ya robo hiyo. Gego la kwanza la chini kushoto ni tatu-sita. Ukisema "thelathini na sita" utachekwa, kwa kuwa kinywa cha mtu mzima kina meno 32 tu.)

Nusu ya kazi yako haitaonekana na mgonjwa yeyote, maana iko chumba cha nyuma. Vyombo vinasuguliwa kwa glavu nene, vinakaushwa, vinafungwa kwenye pakiti, ndipo vinaingia otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto: nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au 134 kwa dakika 3, bila kuhesabu muda wa kupasha joto. Usivishindilie kama omena kwenye gunia. Mvuke usipopata pa kupita, umepika chuma tu na vijidudu vimebaki. Kliniki moja niliyowahi kufanyia kazi ilitaka nifute koleo kwa spiriti foleni ikiwa ndefu. Nilifanya hivyo siku mbili, siku ya tatu nikakataa. Zile siku mbili bado zinanisumbua.

Halafu sindano. Nilijidunga kidole gumba nikirudisha kifuniko kwa mikono miwili, saa kumi na moja jioni, nikiwa na haraka ya matatu. Funika kwa mkono mmoja: kifuniko kilale kwenye trei, sindano ikifuate kama kijiko kinavyochota sukari. Ukidungwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Nilizimeza zote, na kichefuchefu chake sijakisahau. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze kabla hujagusa mgonjwa. Ni dozi tatu, mwanzo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita.

Kuhusu masomo, usichanganye kazi hizi. Msaidizi hadungi ganzi wala hang'oi jino, hata bosi akikusihi. Ukitaka kufikia huko, iko diploma ya afya ya kinywa ya jamii katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na iko pia ya ufundi wa meno ya bandia kwa wanaopenda kazi ya mezani kuliko watu. Udaktari wenyewe husomewa Chuo Kikuu cha Nairobi, na huku magharibi Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Wasaidizi wengi niliowajua walianza kwa kufunzwa kazini, na mmoja wetu sasa ana kiti chake mwenyewe.

Siku ya mahojiano watakuuliza maswali mengi. Wewe uliza moja: nionyesheni mnakosafishia vyombo. Wakikuongoza hadi kwenye beseni lenye koleo zilizolowekwa tangu asubuhi, shukuru, chukua vyeti vyako, urudi stendi.