Maswali na Majibu: Kupima Kila Hatua ya Mkondo wa Data

Wasomaji wanaoandika mikondo ya data (mfululizo wa hatua ambazo data hupitia) kwa Apache Beam, zana ya kuundia mikondo hiyo, katika lugha ya Python, wameuliza haya.

Mkondo wetu husoma faili, husafisha namba za simu, kisha hujumlisha malipo ya kila siku. Je, haitoshi kuupima wote kwa pamoja na kutazama jumla?

Haitoshi. Jumla ikikosewa hutajua kosa limetokea katika hatua ipi, na makosa mawili yanaweza kufutana jumla ikaonekana sawa. Andaa rekodi chache kwa Create, hatua inayotia mkondoni data uliyoiandika mwenyewe, uzipitishe katika hatua moja tu, kisha ulinganishe matokeo na unayotarajia kwa assert_that. Katika usafishaji wa namba, weka inayoanza na sifuri, inayoanza na +254, yenye nafasi katikati, na rekodi isiyo na namba kabisa, kwa kuwa hiyo ya mwisho husahaulika mno.

Jaribio langu linafaulu hata nikiweka jibu lisilo sahihi. Kwa nini?

Yaelekea mkondo haukuendeshwa. assert_that hailinganishi papo hapo, bali huongezwa kwenye mkondo kama hatua nyingine. Kwa hiyo ukiunda TestPipeline, yaani mkondo wa majaribio, bila kutumia with (ambayo huuendesha yenyewe mwishoni), na usiite run(), hakuna kinacholinganishwa. Kila jaribio jipya lipe kwanza jibu la uongo, ulione likikataa, ndipo uliamini.

Je, nipange matokeo kabla ya kuyalinganisha?

Hapana. equal_to, kilinganishi unachokipa assert_that, haijali mpangilio.

Jumla zetu za siku hazilingani na za wahasibu wetu wa Nairobi, ingawa majaribio yote yanafaulu.

Tazameni saa. Malipo yaliyofanyika saa 7:30 usiku wa kuamkia Machi 1, 2025, kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu) ni ya saa 4:30 usiku, Februari 28, na FixedWindows, inayogawa data katika vipindi sawa vya muda, ikiwa ya siku moja hukata siku kwa UTC msipoielekeza vingine. Ipeni offset (kiasi cha kusogeza mwanzo wa kipindi) ya sekunde 75600, yaani saa 21, ili siku ianze saa sita usiku ya Nairobi. Kisha andikeni jaribio lenye malipo mawili ya TimestampedValue (thamani iliyoambatanishwa na wakati wake), moja dakika moja kabla ya saa sita hiyo na jingine dakika moja baada yake, mkidai yaingie katika siku mbili tofauti. Majaribio yenu yalifaulu, nadhani, kwa sababu rekodi zake zote zilikuwa za mchana.