Usiandike balance tupu kwenye risiti, mimi yamenikuta

Wewe wa duka la simenti Mbale, simama hapo hapo. Umeuliza neno la Kiingereza balance lina maana ngapi, halafu mwishoni ukachomekea eti kwenye risiti za mkopo unaandika balance tu kwa sababu ni chenji na kila mtu anajua. Hapo ndipo moyo umenishtuka, maana mimi nilifanya hivyo hivyo.

Nauza mahindi Kisenyi, hapa Kampala. Mteja mmoja kutoka Kenya, mpole, Kiswahili kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo, akachukua gunia 60 za kilo mia mia. Tukapatana shilingi 1,000 kwa kilo, jumla milioni 6. Akanipa 4,200,000, iliyobaki akasema ataleta akirudi. Nikatoa kitabu cha risiti, kile cha kawaida cha kaboni, penye "the sum of" nikaandika milioni sita, si nilijua sum ni jumla? Kumbe hapo huandikwa pesa uliyopokea. Chini penye balance nikaweka 1,800,000, nikagonga muhuri, nikajiona bosi. Bei ya kilo sikuandika popote.

Mwezi ukapita, jamaa huyo anakuja, risiti ameikunja vizuri ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, mimi natabasamu nikijua deni limefika, kumbe amekuja kunidai mimi! Anasema alinipa milioni sita, mahindi yalikuwa 700 kwa kilo, na balance yake, yaani chenji, bado ninayo. Piga hesabu mwenyewe, kilo 6,000 mara 700 ni 4,200,000. Inaingia kama ufunguo kwenye kufuli! Wallahi kwa dakika moja hata mimi nilijiuliza kama sijala hela ya mtu.

Kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, risiti ikasomwa kwa sauti: umepokea milioni sita, balance milioni moja na laki nane, hii sahihi ni yako? Ni yangu. Tukabishana mpaka giza, nikaishia kumpa laki tano aniondokee. Deni langu likafa na laki tano juu yake, 2,300,000 kwa neno moja. Wenzangu wakilipa ada hivyo wanavishwa hata joho.

Na aliyenipoteza ni mwalimu wa tuition ya jioni, simtaji, aliandika ubaoni balance ni chenji akapiga na mstari chini yake. Miezi mitatu namlipa! Nadhani Kiingereza chake alikiokota kwenye taksi, zile basi ndogo za abiria, maana abiria wote wanamlilia kondakta "balansi yangu". Sawa, huku kwetu ni chenji, lakini meseji ya mobile money ikikuambia "new balance" hilo ni salio lako, na mwenye duka akikuambia "you have a balance" ujue unadaiwa.

Binti ya dada yangu anasoma uhasibu, ndiye alinieleza, nimeshaliwa tayari. Kumbe asili yake ni Kilatini, mizani ya sahani mbili, na kwenye vitabu vya hesabu balance ni ile namba unayoitia upande uliopungua ili pande mbili zilingane. Kwa hiyo inaweza kukaa upande wowote, na yenyewe haisemi nani anamdai nani. Mimi nashinda kwenye mizani kutwa nzima, sikulijua hilo.

Sasa sikiliza, balance isikae peke yake kwenye karatasi, hata kwa shilingi elfu mbili. Mimi naandika bei ya kilo, jumla, alicholipa leo, halafu kwa herufi kubwa CUSTOMER OWES na kiasi, anasaini pembeni ya hiyo namba, si kule chini. Asiyesoma Kiingereza namwandikia ANADAIWA. Wananicheka eti risiti zangu kama hati ya shamba, wacha wacheke.

Umesema umefungua tangu Jumatatu. Ngapi zimeshatoka za mkopo? Chukua nakala zako za kaboni leo hii uwafuate hao watu, mwandike upya, kabla hawajaanza kupiga hesabu zao.