Jina la nani niandike kwenye fomu ya bima?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi Tabata na nafanya kazi kwenye kampuni moja pale Posta. Nina binti wa miaka mitano; baba yake alikotokomea hatujui, na mtoto analelewa na mama yangu Mbagala. Mchumba wangu ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Ameshaleta posa na nusu ya mahari, harusi ni Desemba, na tunaishi pamoja miezi minane sasa. Ofisini tumepewa fomu ya bima ya maisha ya wafanyakazi, tuandike mnufaika na asilimia. Nilimwandika mama. Mchumba aliiona fomu mezani, akanuna. Anasema yeye ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa mwisho chuoni, sisi tayari ni mke na mume, na kumwacha nje ni kumwambia simwamini. Fomu inatakiwa Ijumaa. Nifanyeje? Mama Binti, Tabata.*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi ni hiki: binti yako hayumo kwenye ile fomu. Najua ulivyowaza. Mtoto yuko kwa bibi, pesa ikifika kwa bibi imefika kwa mtoto. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini pesa aliyolipwa bibi ni ya bibi, na siku wajomba watakapokuja mmoja mmoja na shida zao, mama yako atapata kazi kubwa kusema hapana. Mwandike mtoto kwa jina lake.

Kwa hiyo Ijumaa hii peleka fomu yenye majina mawili, binti na mama. Mimi ningeweka 60 kwa mtoto na 40 kwa mama. Mchumba asubiri Desemba.

Ile fomu inauliza hivi: ukiondoka leo, Mungu aepushe mbali, kesho nani atakosa ada na unga? Mchumba wako atalia, tena kwa uchungu wa kweli, lakini duka la Kariakoo litafunguliwa. Mbagala kuna mtoto anayesubiri mshahara wako kila mwisho wa mwezi, na mwanamke mzima ambaye siku zake zote sasa ni za kumlea huyo mtoto.

Hilo la "tayari ni mke na mume" naomba ulielewe vizuri, maana linawaliza wanawake wengi hapa mjini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mke na mume, inaweza kudhaniwa kuwa ni wanandoa. Miaka miwili, mwanangu, na hata hapo mahakama inasikiliza kwanza. Ninyi mna miezi minane. Posa ni heshima, mahari ni heshima, lakini hakuna kati ya hivyo kinachosimama mahali pa cheti cha ndoa.

Na ona jinsi mambo yanavyokwenda kwingine. Bima ya afya ukitaka kumwandikisha mume, utaombwa cheti. Mafao ya NSSF mtu akifariki yanakwenda kwa wategemezi waliotajwa na sheria, mume au mke na watoto wakiwa mbele, uchumba haumo. Ni hii bima ya maisha tu ambayo kwa kawaida mfanyakazi anaachiwa kalamu aandike amtakaye, ndiyo maana ugomvi umezukia hapa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Kaka yangu alipofariki, mjane wake nilimsindikiza mimi mwenyewe kwenye ofisi aliyokuwa akifanyia kazi marehemu. Tulikaa kwenye benchi, yeye na mtoto mgongoni. Yule afisa akalifungua faili, akanyamaza, kisha akaligeuza upande wetu. Mwandiko ulikuwa wa kaka kabisa, wino wa bluu, herufi zile zake za kuinama. Jina lilikuwa la msichana aliyekuwa mchumba wake wakati anaanza kazi, miaka tisa nyuma. Asilimia 100. Ule uchumba ulivunjika, akaoa mwingine, wakazaa watoto wawili, na ile karatasi ilikuwa imelala kwenye kabati muda wote huo. Tulihangaika karibu miaka miwili, vikao vya ukoo, Mahakama ya Mwanzo, nauli zisizoisha, mpaka yule dada mwenyewe, Mungu ambariki, akakubali kusaini. Angekataa sijui wale watoto wangesomaje.

Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda, akaandika, akasahau.

Sasa mchumba wako. Ada aliyokulipia ni fadhila kubwa, usiifanye ndogo mbele yake. Mshukuru kwa kutaja kiasi na mwaka, aone kwamba hujasahau. Halafu mwambie yote wazi: kwamba umemwandika mtoto na mama, kwamba mkishafunga ndoa fomu itabadilishwa naye ataingia, na kwamba mtoto hatatolewa hata mkizaa wengine. Hilo la mwisho liseme kabla ya harusi. Mwanamume anayekuoa na mtoto wako anapaswa kulisikia mapema na kulikubali.

Usimwambie jioni anaporudi na hesabu za duka kichwani. Ngoja Jumapili, mkishakula.

Nadhani ataelewa. Wengi hununa kwa sababu wamejiona wageni ndani ya nyumba wanayoilipia kodi, na neno la upole huwatuliza. Lakini kama baada ya maelezo yote bado atasema mama na mtoto watoke ili aingie yeye, hapo niandikie tena kabla ya Desemba, tuzungumze mengine.

Kabla ya Ijumaa, nenda kwa mtu wa utumishi umuulize kwa kuwa binti hajafika miaka 18, nani atapokea fungu lake kwa niaba yake, na jina hilo liandikwe wapi. Muulize pia bima inalipa mishahara ya miezi mingapi. Wafanyakazi wengi hawajui hata hilo. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Mama wa mtaani anaitwa Mama Fulani miaka thelathini, kumbe kitambulisho kina jina ambalo hata majirani hawalijui, na herufi moja ikipishana utazungushwa.

Ukishakabidhi, omba nakala yenye muhuri na tarehe. Ipeleke Mbagala, mama aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na umwambie ni ya nini.

Halafu Januari, siku utakayopeleka cheti cha ndoa ofisini kumwandikisha mume kwenye bima ya afya, usitoke humo bila kuomba na fomu mpya ya bima ya maisha. Ijaze hapohapo kaunta.